Tiara Ingali Mchangani

Alasiri moja ya kusi, ufuoni Shela, kisiwani Lamu, nilimsaidia kijana mmoja kutandaza tiara kubwa, zile zenye nguvu ya kumburura mtu mzima. Tuliikunjua vizuri, akaunga kamba zake nne, akatupa viganja viwili vya mchanga juu ya kitambaa, kisha akaelekea kivulini kunywa maji. Niliuona uchache wa mchanga ule nikanyamaza. Hakuwa amepiga hatua ishirini upepo ulipoingia chini ya pembe moja ya kitambaa. Tiara ilivimba, ikajigeuza, ikainuka kimo cha mtu na kuanza kukimbilia vilima vya mchanga, vishikio vikirukaruka nyuma yake. Kamba moja ilimpitia mtoto kwenye kigimbi. Kwa bahati ilikuwa imelegea, ikamwachia mchubuko mrefu, mwembamba na mwekundu kama uzi. Ingekuwa imekaza, ingeingia ndani ya nyama.

“Nimeiacha dakika moja tu, ami,” kijana aliniambia huku akihema.

Nilimwamini. Dakika moja ilitosha, na mimi niliyekuwa karibu sikuwa nimesema neno. Ndiyo maana leo naandika. Wengi wetu hudhani hatari ya tiara huanza ikiwa angani, na kwamba ikiwa chini ni kitambaa tu. Kumbe hatari huanza pale mkoba unapofunguliwa. Anayejua kuifunga tiara ingali mchangani amekwisha kujikinga na ajali nyingi, hata kabla ya kujifunza kuirusha.

Ijue kwanza

Tiara ya watoto wetu, ya karatasi na vijiti vya makuti, ikikatika uzi hukimbizwa kwa kicheko. Tiara ya nguvu ni kitu kingine: ni tanga lisilo na mlingoti. Watu wameitumia kama tanga kwa muda mrefu. Mwaka 1826 mwalimu George Pocock wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya gari lililovutwa na tiara barabarani. Katika miaka ya 1960 Domina Jalbert wa Marekani alibuni tiara isiyo na kijiti hata kimoja, yenye vyumba vya kitambaa vinavyojazwa na upepo wenyewe. Mwaka 1984 ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili ile yenye mirija inayojazwa hewa kwa pampu, ili iweze kuinuka tena ikianguka majini. Tiara nyingi utakazoziona Shela, Kizingoni, Watamu au Diani ni za koo hizi mbili: ya vyumba na ya pampu. Kila moja ina namna yake ya kulazwa na kufungwa.

Jambo moja la hesabu ni muhimu kuliko yote. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu ya tiara haiongezeki maradufu, bali mara nne. Tiara ya mita 5 za mraba iliyotulia katika upepo wa kilomita 30 kwa saa huvuta takribani kilo 20. Ikikata katikati ya upepo kwa kasi, mvuto huo huongezeka mara kadhaa na kuupita uzito wa mtu mzima. Kwa hiyo ukiifunga kwa kiasi cha upepo unaousikia sasa, umeifungia upepo mdogo. Ifungie ule mkubwa utakaokuja ghafla.

Soma upepo na maji

Kabla ya kufungua mkoba, kaa robo saa utazame. Watu wa Amu, yaani Lamu, wamerithi elimu hii, basi tuitumie. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili au Mei ikaendelea hadi Septemba. Kati ya misimu hiyo kuna maleleji, upepo wa kugeukageuka. Siku za maleleji si siku za tiara ya nguvu, hasa kwa anayejifunza, kwa sababu upepo uliokuwa mgongoni waweza kukujia ubavuni ukiwa bado unaunga kamba.

Ufuo wa Shela unaelekea kusini-mashariki na umenyooka kilomita 12 hivi. Kaskazi hupita sambamba nao, lakini kusi hutoka baharini na kusukuma kila kitu kuelekea nchi kavu. Ukiteleza wakati wa kusi, utaburutwa kwenda kwenye watu, vilima na kuta. Mabaharia wetu huita upande upepo unakotoka joshini, na upande unakoelekea demani. Maneno haya mawili nitayatumia mpaka mwisho, kwa kuwa kila kosa la kutandaza ni kosa la kutojua joshini ni wapi.

Kama huna kipimo cha upepo, itazame bahari. Mapovu meupe yakitokea hapa na pale, upepo una kilomita 12 hadi 19 kwa saa, nao humtosha mwanafunzi mwenye tiara ndogo. Mapovu yakiwa mengi, na karatasi na vumbi vikipeperuka ufuoni, umefika kilomita 20 hadi 28. Hapo mwanafunzi asiwe peke yake. Ukizidi hapo, mwachie mzoefu. Pima pia utulivu wake. Upepo unaokuja kwa vipindi, ukinyamaza kisha ukipiga, ni mbaya kuliko upepo mkali ulio sawa. Na ukiona wingu lenye tumbo jeusi likija kutoka joshini, usiseme utairusha kidogo kabla halijafika. Upepo wake hutangulia mvua.

Maji nayo yana saa zake. Siku za bamvua, maji yakijaa, ufuo mpana hubaki ukanda mwembamba na sehemu nyingine mawimbi hugusa vilima. Anza kutandaza maji yakipwa, ili uwe na saa kadhaa za nafasi. Ukianza yakijaa, mahali ulipopachagua patakuwa pamekwisha kabla hujamaliza.

Chagua mahali

Usitandaze mbele ya kijiji cha Shela. Pale pana mashua zilizotia nanga, watoto, wageni waliolala juani na punda waliobeba mizigo. Punda akishtushwa na kitambaa kinachopiga kelele hukimbia na mzigo wake, na aliye njiani huumia. Sogea kusini mpaka upate uwazi, lakini usiende mbali hata usiweze kumwita mtu akakusikia. Ujiwekee mita 100 tupu upande wa demani na mita 50 kila ubavu: hakuna nguzo, waya, mti, ukuta, mashua wala mtu. Joshini pia pasiwe na jengo wala kilima karibu, maana upepo ukipita juu ya kitu kirefu hujikunjakunja nyuma yake.

Mkondo kati ya Shela na Ras Kitau ni njia ya boti mchana kutwa. Si mahali pa tiara. Uwanja wa ndege uko kisiwani Manda, na ndege hupita chini zikitua na kupaa. Waulize wahusika wa uwanja na kikundi cha usimamizi wa ufuo ni wapi panaruhusiwa, kabla hujarusha siku ya kwanza. Na tuviheshimu vilima vya Shela. Chini yake ndiko kuliko hifadhi ya maji matamu yanayonywewa mjini Amu, na mimea yake ndiyo inayoushika mchanga usihame. Usifunge kitu kwenye mimea ile, wala usichimbe karibu na viota vya kasa vilivyowekewa alama.

Kutandaza na kufunga tiara ya vyumba

Simama mgongo wako ukiwa joshini, uso demani. Weka tiara chini ikiwa bado imekunjwa, kisha ikunjue kipande kwa kipande, kila kipande kikipata mchanga kabla ya kinachofuata kufunguliwa. Ukiifungua yote kwa mkupuo, utajikuta unashindana nayo.

Ilaze chali, nyuzi fupi za tumboni zikiwa juu. Ukingo wa nyuma uwe upande wako, joshini. Midomo ya vyumba, yaani ukingo wa mbele, ielekee demani. Hapo upepo hupita juu ya kitambaa badala ya kuingia midomoni. Sasa weka mchanga kando ya ukingo wote wa nyuma, kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayejenga tuta dogo la bustani. Lile rundo moja la katikati tulilolizoea halina kazi, kwa sababu upepo huanzia pembeni.

Mchanga gani? Mtanga mkavu wa juu, kama tusemavyo Amu, ni mwepesi kumiminika: kitambaa kikitikisika mara tatu, nao umekwisha. Chota ule wenye unyevu karibu na maji. Usitumie mawe wala vipande vya matumbawe, maana hutoboa kitambaa, na tiara ikijivuta jiwe hugeuka kombora. Njia bora ni viroba. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga ina kilo 30 na zaidi. Igawe katika viroba viwili, vifunge midomo, viweke juu ya ukingo. Mashua ya mashindano haiendi bila farumi, nayo tiara iliyo chini inahitaji farumi yake.

Baada ya hapo ni kigingi, na hapa ndipo watu wengi hukosea kabisa. Vishikio vya tiara ya kamba nne vina kamba za mbele, zinazobeba nguvu, na kamba za breki, zinazoshika ukingo wa nyuma. Unapovifunga vishikio kwenye kigingi, vifunge kwa upande wa breki, ili kamba za breki zikaze na za mbele zilegee kabisa. Ukingo wa nyuma ukivutwa, tiara haiwezi kujenga umbo la bawa. Ikijaribu kuinuka hurudi nyuma na kuanguka. Ukivifunga kwa kamba za mbele, umeiandalia rubani asiyelala. Itaruka yenyewe, na hutakuwa karibu.

Kigingi chenyewe kiwe cha chuma, kirefu zaidi ya nusu mita, kiingizwe kimeinama, kichwa chake kikiipa tiara mgongo. Lakini mchanga laini wa Shela hukiachia kigingi kama siagi inavyoachia kisu. Afadhali uzike kiroba. Chimba hadi kiwiko, laza kiroba cha mchanga kikikingama mvuto, toa mkanda wake nje, fukia, kanyaga. Kisha ukamate mkanda kwa mikono miwili, uegemee nyuma kwa uzito wako wote. Kikitikisika, chimba zaidi. Funga kipande cha leso chenye rangi kali pale mkanda unapotokea, ili wapitao wasijikwae.

Ya pampu

Tiara ya pampu hujengwa kwa mpangilio mwingine. Kabla ya kujaza hewa, funga kamba ya pampu kwenye kitanzi kilicho katikati ya mrija mkubwa, nawe usimame joshini. Tiara ikijaa bila kufungwa huwa nyepesi na pana, na upepo hupenda kitu cha namna hiyo. Jaza mbavu kwanza, kisha mrija mkubwa, mpaka ukiupiga kwa kidole utoe mlio mkavu kama wa ngoma iliyowambwa. Mrija mlegevu hukunjika angani na tiara huanguka bila taarifa.

Ikiisha kujaa, kamata katikati ya mrija mkubwa, igeuze ilale kama mashua iliyopinduliwa: mrija joshini, mbavu na tumbo chini. Hapo upepo unapita juu yake na kuikandamiza. Weka viroba juu ya kitambaa, nyuma tu ya mrija, kimoja kila upande wa katikati. Usiondoe mkono kabla kiroba cha kwanza hakijakaa.

Kamba

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Kamba hizi za nyuzi za plastiki ni imara ajabu, lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi. Kamba iliyokaza ikisugua nyingine iliyokaza hujikata kwa moto wake yenyewe. Kwa hiyo zitandaze kutoka kwenye tiara kwenda joshini, kisha utembee kutoka mwisho mmoja hadi wa pili ukizipitisha katikati ya vidole, kila kamba kidole chake, kama anayesuka ukili. Kidole kikihisi manyoya au kifundo, simama. Fundo lililojifunga lenyewe lifunguliwe. Kamba iliyolika ibadilishwe. Usiunge kamba iliyokatika kwa fundo ukasema itasaidia leo.

Kagua kulia na kushoto mara mbili, mara moja kutoka vishikioni na mara ya pili kutoka kwenye tiara. Kamba zikipishana, tiara itageuka kulia ukiielekeza kushoto, na itakuwa imeshika kasi kabla akili haijaelewa. Mara moja kwa mwezi, zifunge ncha zote kwenye nguzo moja na kuzivuta pamoja: iliyorefuka utaiona.

Kamba zikishaunganishwa, ule uwanja si njia tena. Mweke mtu wa kuwazuia watoto na punda wasizivuke. Wewe mwenyewe usiizungushe kamba mkononi hata kwa sekunde, usiishike ikiwa imekaza, na vua pete kabla ya kuanza.

Kifyatuo na msaidizi

Kila tiara ya nguvu ina njia ya kuiua. Ya vishikio huwa na kanda za mkononi zilizounganishwa na breki. Ukiachia vishikio, kanda huvuta ukingo wa nyuma na tiara huporomoka. Ya mkanda wa kiunoni huwa na kifyatuo cha dharura. Mchanga wa Shela ni mwembamba, huingia kwenye kifyatuo na kukigandisha. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kujifunga, mwambie mwenzako avute kwa nguvu, nawe ufyatue kwa mkono mmoja, macho yakiwa mbele. Kisipofunguka mara ya kwanza, siku yako imeishia hapo. Kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ujaribu tena kesho. Na usijifunge kamwe kwa kitu usichoweza kukiachia, wala usimpe mtoto vishikio akushikie.

Msaidizi awe mtu mzima aliyeelezwa kazi yake. Fikiria umesimama ukitazama demani: mbele yako pana robo ya mpira mkubwa wa hewa ambamo tiara huruka. Katikati ya robo hiyo ndiko kwenye nguvu zote. Kingoni, kushoto, kulia na juu ya kichwa, tiara huwa tulivu. Ya pampu msaidizi aishikie ukingoni mwa robo hiyo, upande wa maji ikiwezekana. Asiirushe juu, aishike tu, kisha aiachie na kurudi nyuma akielekea joshini. Kidole gumba juu ni “tayari”, mikono iliyopishana kichwani ni “simama”. Ishara isiyoeleweka ihesabiwe kuwa ni simama.

Kabla ya kutoa ishara, jiulize kwa sauti, na msaidizi akusikie: Upepo ungali kama ulivyokuwa? Demani kuko tupu? Kamba ziko mahali pake? Kifyatuo kimejaribiwa? Nani atanishikia tiara nikitua? Jibu moja likikosekana, rudisha viroba juu ya kitambaa. Ukitaka kwenda kunywa maji, kusali au kupokea simu, usiseme ni dakika moja. Breki kwenye kigingi, mchanga pembe hadi pembe. Na kama utachelewa, fungua kamba na uikunje.

Wiki moja baadaye kijana yule alirudi ufuoni na viroba vinne. Watoto walimsaidia kujaza, yule mwenye mchubuko akiwa miongoni mwao, akishikilia mdomo wa kiroba kwa mikono miwili huku wenzake wakimimina. Alitandaza, akafunga, akazika, akavuta mkanda kwa uzito wake wote. Tulikaa kando tukitazama bahari. Kusi ilizidi, mapovu yakaenea mpaka upeo wa macho, na kitambaa kikawa kinatetemeka chini ya mchanga bila kuinuka hata kiganja. Baada ya nusu saa alisimama, akafungua kamba, akaanza kukunja.

“Leo hapana, ami,” alisema.

Nilishika pembe ya pili, tukaikunja pamoja.